Siku za Mjomba Gervais

Wheaton, Maryland
3 Juni 2025

Gervais mdogo wangu,

Usinipigie simu kujibu barua hii. Nakujua. Kwa simu unaanza na kucheka, unaniuliza nimekula nini, unamwigiza yule mchungaji wetu wa Nairobi, na nikikata nagundua sijapata jibu hata moja. Miaka mingi unanifanyia hivyo. Safari hii andika. Maneno ya simu yanapeperuka. Ya barua nitayaprint, na siku utakapoyakana nitakuwekea mbele ya uso.

Habari ni hii: Carmen anaolewa. Kijana anaitwa Hodari, Mmarekani mweusi, kwao ni Temple Hills, mwenyewe anakaa Columbia. Anafanya kontrakti ya kompyuta kwenye ofisi moja ya serikali huko Washington. Alisoma Kiswahili chuoni miaka minne, na anakisema kama mtu wa taarifa ya habari. Carmen wangu, niliyembeba mgongoni, anaelewa kila neno ninalosema na ananijibu kwa Kiingereza. Sasa mkwe ndiye ananifasiria binti yangu. Nicheke au nilie, sijui.

Dot, sherehe ya mahari, tutaifanya Jumamosi tarehe 27 Septemba, kwa Mama, Liège. Si hapa. Mama ana miaka themanini na moja, magoti yake hayawezi tena safari ya ndege, na amesema hiyo mahari ataiona kwa macho yake au isitolewe. Miye nimepata congé kazini, likizo ya siku nane tu. Mzee Christopher ninayemtunza hapa Wheaton hataki mtu mwingine amnyoe ndevu, na ajansi wamesema nikizidisha hata siku moja nafasi yangu inakwenda kwa mwingine.

Sasa weye. Unajua kwetu anayekaa kwenye kiti ni mjomba. Mjomba ndiye anapokea koti, kofia na mbuzi, na mjomba ndiye anasema "tumekubali." Bila yeye watu watakula, watafuta midomo, watarudi kwao, na msichana hajaolewa. Mama ana mtoto mwanaume mmoja. Wa akiba hakuna.

Mambo yenu ya Waingereza tangu mlipotoka Ulaya nayajua, umeniimbia vya kutosha. Siku tisini ndani ya kila siku mia na themanini, kisha mlango unafungwa. Najua pia unazimaliza zote kwenye matanuri ya mikate ya Wajerumani. Mimi nakuomba tatu. Zifunge kwenye kitambaa uzifiche.

Na Mama umtembelee, jamani. Nilimuuliza juzi, akasema hajakuona tangu Krismasi. Umekaa wiki saba karibu na Cologne, Gervais. Wiki saba! Kutoka hapo mpaka kwa Mama ni treni ya saa moja na kidogo. Huoni hata haya?

Andika.

Dada yako,
Séraphine


Leeds
9 Juni 2025

Yaya Séra, dada yangu,

Haya, nimeandika. Nimekaa mezani na kalamu ya akiba kama mtu wa mtihani, ingawa natumia kompyuta.

Kwanza, hongera kwa Carmen. Huyo kijana mwambie ajiandae, mimi ni mjomba mgumu. Nitakaa kwa hicho kiti na nitanuna mpaka mbuzi ajione ana makosa.

Pili, wewe unadhani mimi napenda hii maisha ya kuhesabu siku? Zamani agent alikuwa ananipigia Alhamisi mchana, Ijumaa asubuhi niko Cologne na spana mkononi. Kampuni ya hapa inauza matanuri, yale marefu kama basi mbili, na sisi watu wa kontrakti ndio tunatumwa kuyafunga na kuyatengeneza yakisumbua. Hakuna mtu aliniuliza natoka wapi. Sasa lazima nibebe barua ya kusema tanuri bado liko kwa warranty. Lazima nibebe karatasi ya vifaa, kila spana na mstari wake. Mwezi wa nne walinishikilia masaa mawili kwa sababu ya boksi moja la misumari ya keekee haliko kwa karatasi. Misumari, Yaya!

Na agent siku hizi haulizi unajua nini. Anauliza umebaki na siku ngapi. Ethan, kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika spana, alikumbuka nyanya yake alizaliwa Ireland, akaenda akachukua pasi ya Ireland. Yeye anaingia na kutoka Ulaya kama kwao jikoni. Leo ndiye foreman wangu, na ananiita "mate," eti rafiki. Mimi nyanya zangu wote ni wa Bukavu. Nitoe pasi gani?

Lakini siku tatu zako ziko, usinipandishie presha. Mimi sihesabu kwa kichwa. Kila Ijumaa najaza timesheet ya siku nilizofanya kazi, natuma kwa agent, na nabaki na nakala. Aprili na Mei nimefanya kazi siku thelathini na tano. Julai naenda tena wiki sita, hizo ni thelathini. Jumla sitini na tano. Toa kwa tisini, zinabaki ishirini na tano. Unataka tatu? Chukua kumi.

Kuhusu Mama, umesema. Nimesikia.

Mdogo wako,
Gervais


Columbia, Maryland
29 Juni 2025

Kwa Mheshimiwa Mjomba Gervais,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya. Mimi pia sijambo, namshukuru Mungu.

Jina langu ni Hodari. Wazazi wangu walinipa jina hili kabla ya mtu yeyote nyumbani kwetu kujua kuzungumza Kiswahili, na nimejitahidi tangu hapo nisiwaaibishe. Ninampenda mpwa wako Carmen. Yeye hucheka ninapozungumza, lakini hucheka kwa upole.

Ninakuandikia kwa sababu Mama Séraphine ameniambia kwamba wewe ndiwe mlango wa nyumba. Nina maswali machache. Koti lako liwe la ukubwa gani, na mikono iwe mirefu kiasi gani? Je, mbuzi anapaswa kuwa hai? Nimesoma kwamba katika mji wa Liège haitakuwa rahisi kumweka mbuzi hai ndani ya nyumba ya ghorofa. Je, nipige magoti nikiingia? Mama Séraphine ameniambia pia kwamba mjomba hukaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kujibu. Ningependa kujua ni muda gani hasa, ili nisiingiwe na hofu kabla ya wakati wake.

Ninafahamu kwamba una siku chache za kuingia Ulaya na kwamba umetutunzia tatu. Mimi pia ni mtu wa kontrakti. Ninajua ilivyo kuulizwa kila mwezi kama bado upo. Asante sana.

Wako mtiifu,
Hodari


Leeds
2 Julai 2025

Hodari,

Marahaba. Hii ni mara ya kwanza mtu kuniamkia shikamoo, niligeuka nyuma kuona ni nani ameingia.

Koti ni namba 44. Mikono iwe mirefu, mimi ni mtu wa mikono mirefu. Mbuzi ni wa bucha, tayari amekatwa, hakuna mtu anataka kesi na majirani wa Mama. Magoti usipige. Kimya changu kitakuwa dakika mbili, labda tatu kama utaniudhi. Ukiona nakuna kidevu ujue nimeshakubali, natafuta tu maneno.

Kofia usisahau. Mama anapenda mwanaume mwenye kofia.

Mjomba Gervais


Wheaton
17 Agosti 2025

Gervais,

Nimechoka na weye, na leo nitasema mpaka niishe.

Uko Ujerumani wiki ya tano hii. Jana nimeongea na Mama. Nikamuuliza, Gervais amepita? Akasema hapana, ana kazi mingi, tumwache. Tumwache! Mama amekusemea uongo wa huruma tangu ulipovunja dirisha la shule, na mpaka leo bado anakutetea. Na sauti yake siipendi. Anahema akisema, kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Nikamuuliza kama ana shida ya kuoga, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, wazee wote wanaanzia kuangukia hapo. Akanijibu yeye si Mzee Christopher.

Miye niko huku ng'ambo ya bahari nzima. Naamka alfajiri, nachukua basi, namwogesha baba wa watu, namnyoa, namkatia nyama ndogo ndogo, na kila siku najiuliza wa kwangu anakatiwa na nani. Yule msaidizi wanayemletea Mama anakuja Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi na Jumapili je? Weye uko hapo pua na mdomo, na wikendi zako unazipeleka wapi? Bia? Mpira? Kama kuna mwanamke sema, sitakuua.

Jerotich, jirani yangu Mkenya, ananiambia nisikasirike kabla ya harusi, uso utakunjamana. Umeshakunjamana.

Tiketi nimenunua. Carmen na Hodari wamenunua. Watu arobaini wamealikwa. Niandikie siku zako zimebaki ngapi, kwa maandishi.

Séraphine


Leeds
24 Agosti 2025

Yaya,

Nimerudi jana. Timesheet zote niko nazo hapa mbele yangu: sitini na tano. Zimebaki ishirini na tano. Umeona, ni kwa maandishi.

Nimekata tiketi ya treni. Ijumaa tarehe 26 Septemba, saa nne asubuhi kutoka London, jioni niko kwa Mama nakula pondu yako. Na viatu nimenunua vipya, vya kuendana na hilo koti.

Hakuna bia na hakuna mwanamke. Mambo mengine mtu akiahidi kufunga mdomo, anafunga. Nikasirikie tu, nimezoea.

Gervais


Liège
Jumamosi, 27 Septemba 2025

Gervais,

Ni saa kumi jioni. Niko jikoni kwa Mama na sufuria tatu za wali hakuna aliyezigusa.

"Wamenirudisha. Samahani." Maneno mawili. Unanitumia maneno mawili jana mchana, unazima simu, basi. Miye nikiwa na unga mpaka kwenye nywele.

Unajua askari wa Brussels alinifanya nini Alhamisi? Hakuinua hata uso. Miye, mzaliwa wa Bukavu, na pasi ya Amerika niliyoipata juzi juzi, aligonga muhuri akanirudishia. Na weye Mwingereza, jirani, mtu wa ng'ambo ya kijito tu, weye ndiye umerudishwa! Uliniandikia ishirini na tano. Ninayo karatasi, nimeileta kwenye mkoba. Uliniandikia "chukua kumi."

Sasa sikiliza ulichokikosa. Watu wamefika saa saba. Mama amevaa kile kitenge cha bluu, amekaa. Kando yake kiti chako, tumekitandikia kitambaa, tukitumaini utapata treni nyingine. Hodari amesimama mlangoni na koti lako mkononi, saa mbili nzima, hakuketi, eti alisoma kwamba hapaswi kuketi kabla ya mjomba. Papa Darius wa kanisani, mtu mwema, akasema yeye angeweza kukaa badala yako ili shughuli isonge. Hata miye nilikuwa nimekubali, nakuambia kweli. Mama akapiga fimbo chini.

"Hicho kiti kina mwenyewe," akasema. "Na mwenyewe hajafa."

Ikaisha hapo. Watu wakanywa soda, wakatuaga kama watu wanaotoka msibani. Carmen akajifungia bafuni kulia. Nikamfuata. Na huko bafuni nimeona kitu: bomba la chuma limefungwa ukutani kando ya beseni, lingine kando ya choo, imara kabisa, kile chuma kisichoshika kutu. Nikamuuliza Mama nani amelifunga, akasema fundi. Unaona? Fundi, mtu baki, ameona Mama anahitaji pa kushika. Weye mtoto wake umeona nini?

Narudi Jumatano. Sijui niwaambie nini wazazi wa Hodari kule Temple Hills, wanaosubiri picha.

Nijibu kama una uso wa kujibu.

Séraphine


Leeds
28 Septemba 2025

Yaya,

Sina uso lakini najibu.

Pale London Wafaransa wanakagua pasi yako kabla hujapanda treni. Aliyenikagua ni msichana mdogo tu, na hakuwa na ubaya wowote. Akafungua pasi, akaanza kuhesabu mihuri kwa ncha ya kalamu. Kuingia tarehe 7 Aprili, kutoka 25 Mei: siku arobaini na tisa. Kuingia 14 Julai, kutoka 23 Agosti: arobaini na moja. Akajumlisha kwa karatasi akanigeuzia nione. Tisini kamili.

Nikamwambia hapana dada, nina sitini na tano, nikamtolea timesheet zangu zote. Nilizibeba, unajua mimi. Akazisoma moja moja kwa heshima, nakuapia. Halafu akaniambia, "Bwana, sisi hatuhesabu kazi. Tunahesabu kuwepo."

Nimejaza timesheet miaka kumi na sita. Jumamosi na Jumapili hakuna malipo, kwa hiyo huzijazi, na usipozijaza ni kama hazikuwa. Agent akiniuliza siku, natoa timesheet. Wewe ukiniuliza siku, natoa timesheet. Haikunijia hata mara moja kwamba Jumapili nikiwa nimekaa tu mahali, nakunywa chai, pia niko "Ulaya." Kanuni yenyewe naijua, hata wewe ulinikumbusha. Sheria naijua na bado nikakosa hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Nilikaa kwa benchi pale stesheni na viatu vyangu vipya mpaka treni ikaondoka. Ethan alikuwa kwa treni hiyo hiyo, anaenda Cologne kufanya kazi ambayo ilikuwa yangu. Alinipungia mkono. Nilitaka ardhi inimeze.

Sasa utaniuliza hizo wikendi nilikuwa wapi. Usiniulize. Nimekosea hesabu, kosa ni langu, mwambie Carmen hivyo. Mwambie mjomba wake ni mjinga, lakini hakumdharau.

Gervais


Liège
1 Oktoba 2025

Mheshimiwa Mjomba Gervais,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kukuandikia bila kuitwa.

Mama Séraphine ameondoka leo asubuhi kurudi Wheaton. Kuna jambo lililotokea Jumatatu kati yake na Bibi, bafuni. Si langu kulisimulia, atakuandikia mwenyewe. Ninachoweza kukueleza ni kilicho ukutani jikoni.

Kuna kalenda, ile ya kanisa. Bibi hutia alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu katika siku fulani. Nilidhani ni siku za dawa. Jana nilimwuliza, naye akasema ni siku ambazo mwanawe alilala hapa. Jumamosi na Jumapili, Jumamosi na Jumapili, kuanzia Aprili. Nilizihesabu mara tatu kwa sababu sikuamini. Ni ishirini na tano, Mjomba. Siku zilizokosekana katika hesabu yako zimetundikwa juu ya jiko.

Bibi alisema pia kwamba ndiye aliyekuapisha. Alianguka mwezi wa Machi. Aliogopa kwamba binti yake akijua, angeacha kazi Marekani, au angemtafutia nafasi katika nyumba ya wazee, na mahari ya Carmen isingetolewa sebuleni kwake. Kwa hiyo alikuambia unyamaze, naye akawa anamwambia binti yake kwamba huji.

Sasa nisikilize, kwa maana jambo hili nalijua vizuri, ni kazi yangu kushughulika na tarehe. Siku zako hazifi, huzeeka. Siku ikipitisha umri wa siku mia na themanini, huondoka kwenye hesabu. Siku yako ya kwanza, tarehe 7 Aprili, inaondoka Jumamosi hii, tarehe 4 Oktoba. Kesho yake inaondoka nyingine, na nyingine, siku arobaini na tisa mfululizo. Ulizuiliwa kwa tofauti ya wiki moja tu. Nilipomweleza Carmen alitamka maneno ambayo chuoni hatukufundishwa.

Serikali yetu imefungwa tangu usiku wa kuamkia leo, kwa kuwa wakubwa hawakuelewana juu ya bajeti. Sisi wa kontrakti tumeambiwa tukae nyumbani bila malipo mpaka watakapotukumbuka. Muda ninao. Carmen ameomba wiki moja zaidi kazini kwake. Tumebadilisha tiketi zetu.

Tatizo ni moja, nalo ni zito. Mama Séraphine hakuweza kubaki. Alipiga simu kwa ajansi mara mbili, wakamjibu vilevile. Nilimwambia tunaweza kungoja mpaka apate likizo nyingine. Alimtazama Bibi, kisha akaniambia: "Usingoje. Mama hana wiki za kuchezea. Mlete mjomba."

Panda treni ya kwanza ya Jumamosi, tafadhali. Beba pasi. Timesheet unaweza kuziacha.

Wako mtiifu,
Hodari


Wheaton
5 Oktoba 2025

Gervais mdogo wangu,

Nimeiona dot ya binti yangu kwenye simu iliyoegemezwa kopo la kahawa la Mzee Christopher. Kwenu saa tisa mchana, kwetu saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimemaliza kumnyoa shavu moja. La pili nikaliacha, nikaweka wembe chini, akakaa na povu lake akitazama na miye. Akaniuliza huyo bwana mwenye koti kubwa ni nani, mbona watu wote wanamngoja aseme. Nikamwambia ni mdogo wangu. Akaniambia mkono wa koti ni mrefu mno. Nikamwambia hapana, ndivyo alivyo.

Ulikaa kimya dakika tano, mshenzi weye. Nilikuwa natazama saa. Mtoto wa watu amesimama anatoka jasho, Mama anatabasamu kwa siri, na weye unakuna kidevu. Uliposema "tumekubali" nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga. Kisha nikaketi kwenye kitanda cha Mzee nikalia. Nililia kwa furaha, na nililia pia kwa sababu miye ndiye nilimzaa Carmen, miye ndiye nilipanga yote mpaka rangi ya vitambaa, na miye ndiye sikuwepo. Tangu lini mtu anaangalia dot ya mtoto wake kama mechi ya mpira?

Sasa nikuambie habari ya Jumatatu.

Nilimpeleka Mama kuoga. Nimeogesha wazee miaka tisa, nikajua hapa hakuna wa kunifundisha. Nikamwambia avue kitenge. Akakataa, akaking'ang'ania kifuani. Nikamwambia Mama, miye ni binti yako, unaona haya gani? Akanijibu bila kufikiri, "Gervais hunitia majini na kitenge changu, anafumba macho, nashika chuma mwenyewe." Alipojisikia amesema, akaziba mdomo kwa mkono kama mtoto.

Nilikaa chini sakafuni, kwenye maji, na nguo zangu. Yote nilikuwa nimeyaona kwa macho na sikuona. Chuma kile kile cha matanuri. Fundi! Nimekuita usiye na haya, nimekuita mlevi, nimekutafutia mpaka mwanamke. Na wikendi hizo zote ulikuwa umepiga magoti kwenye beseni la Mama, macho umefumba, kwa sababu kwetu mtoto mwanaume hamwoni mama yake uchi. Wazungu wakakuhesabia kila siku moja kati ya hizo, na weye mwenyewe hukuhesabu hata moja.

Samahani. Hilo neno sitaliandika tena, kwa hiyo liprint.

Lakini bado nina hasira, usidhani umeponea hapo. Nina hasira na Mama kwa uongo wake wa miezi sita. Nina hasira na weye kwa kunyamaza. Mficha uchi hazai, hamkufundishwa? Nimemkasirikia na huyo aliyekaa mezani akaamua kwamba mtu akienda kumshika mama yake asianguke, hiyo ni siku moja sawa na ya kufunga tanuri. Na nimejikasirikia miye, ninayelipwa kuogesha baba wa watu.

Basi tufanye hivi, na usinijibu "tutaona." Hodari amenionyesha kwenye karatasi: siku zako zinarudi moja moja mpaka tarehe 21 Novemba. Najua agent ameshakupigia, Cologne wanakutaka wiki nne, na najua ukikataa Ethan anachukua. Nenda ukafanye kazi yako. Lakini kabla hujajaza timesheet yoyote, andika kwanza Jumamosi na Jumapili za Mama, kisha ndiyo umwambie agent umebaki na ngapi. Akinuna, anune.

Kuanzia hapo ni zamu yangu. Pasi yangu ya Amerika nayo ina siku tisini zake. Nimetumia saba. Zilizobaki zimelala humo bure, nyingi kuliko zako, weye Mwingereza. Nimewaambia ajansi naondoka katikati ya Novemba na sirudi mpaka mwisho wa Januari. Wakasema nafasi yangu itakwenda kwa mwingine. Nikasema iende. Mzee Christopher nimemwambia mwenyewe leo, nikimnyoa lile shavu la pili. Alikuna kidevu kama mjomba. Kisha akasema mwingine atakayekuja nimfundishe kwanza upande wa kushoto, kuna kovu.

Hiyo wiki ya Novemba tutakutana kwa Mama, weye ukitoka, miye nikiingia. Nitakuonyesha mtu anavyoogeshwa.

Sasa piga simu. Cheka kwanza, kama kawaida yako, niulize nimekula nini. Nitapokea.

Dada yako,
Séra